Tuyapime Mafunzo ya Kazi Tunayowapa Vijana Wetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazee, wazazi na vijana baada ya sala ya Alasiri)



Tumepewa jukumu la kusema juu ya jambo linalowanyima usingizi wazazi wengi, nalo ni kazi za vijana. Kila mwaka watoto wetu wanamaliza darasa la saba au kidato cha nne na kuikuta njia ya mbele imefungwa. Ada hazipo, nafasi ni chache, na mjini hakuna anayewajua. Hapo ndipo hujitokeza miradi ya kila namna. Huyu anafundisha ushonaji kwa miezi mitatu, yule anafundisha kompyuta kwa wiki sita, mwingine anatoa mkopo, na mwingine anatoa semina ya siku mbili pamoja na cheti cha kuhudhuria. Mzazi anauza mbuzi, anakopa kwa jirani, anampeleka mtoto. Siku ya kufunga mafunzo zinapigwa picha na kutolewa risala, kisha kijana anarudi kukaa barazani palepale alipokuwa.

Hatusemi hayo kwa kuwakejeli wanaotoa msaada. Aghalabu nia zao ni njema. Lakini nia njema ya mtoaji haimshibishi mpokeaji, na fedha inayotolewa kwa ajili ya wanyonge ni amana, nayo amana hukaguliwa. Basi leo tunataka kuuliza swali moja tu: katika miradi hii yote, ni ipi inayomfikisha kijana fukara kwenye kazi njema, na tutaijuaje?

Mfano wa shoka

Katika Hadithi tunasimuliwa habari za mtu mmoja wa Ansar aliyemwendea Mtukufu Mtume s.a.w. kuomba. Aliulizwa ana nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba ana nguo nzito ambayo hutandika sehemu yake na kujifunika sehemu nyingine, na bakuli la kunywea maji. Vitu hivyo vikaletwa, vikanadiwa, vikauzwa kwa dirham mbili. Dirham moja akaambiwa awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Mtukufu Mtume s.a.w. akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwagiza akakate kuni na kuziuza, wala asionekane kwa muda wa siku 15. Mtu yule aliporudi alikuwa na dirham kumi.

Ndugu wapenzi, tuitazame habari hii kwa makini. Kwanza, mtu aliulizwa hali yake kabla ya kusaidiwa. Pili, njaa ya nyumbani ilishughulikiwa kwanza, kwani mwenye njaa hawezi kujifunza wala kufanya kazi. Tatu, alipewa chombo cha kazi, wala hakupewa maneno matupu. Nne, kazi aliyoelekezwa ilikuwa na soko, maana kuni zilihitajiwa na kila nyumba. Tano, aliwekewa siku ya kurudi ili matokeo yaonekane. Jambo hili la tano ndilo linalosahauliwa zaidi katika miradi ya siku hizi.

Namna ya kupima

Mtu anaweza kusema: "Sisi tuliwafundisha vijana 100, na baada ya mwaka 60 kati yao wana kazi. Je, huo si ushahidi?" Jibu letu ni kwamba huo si ushahidi bado. Hapana budi kuuliza: je, vijana wenzao 100 wa hali ileile, ambao hawakufundishwa, wangapi kati yao wana kazi baada ya mwaka huohuo? Ikiwa nao ni 60, basi mafunzo hayakuongeza kitu. Kijana anapokua hujipatia shughuli hata pasipo kufundishwa. Tena anayejitokeza wa kwanza kwenye mafunzo ni yule mwenye bidii, ambaye huenda angefanikiwa vyovyote.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia kura. Waombaji wakizidi nafasi zilizopo, kura hupigwa kwa haki, kisha waliopata na waliokosa hufuatwa kwa miaka kadhaa na kulinganishwa.

Wamarekani walifanya hivyo kwa mradi wao mkubwa wa mafunzo uliotokana na sheria ya mwaka 1982. Kuanzia mwaka 1987 watu wapatao 20,000 katika maeneo 16 walipangwa kwa kura. Matokeo yalipotoka katika miaka ya 1990 yaliwashangaza wengi. Watu wazima walipata nyongeza ya kiasi katika mapato yao, lakini vijana wa miaka 16 hadi 21 wasiokuwa shuleni hawakupata faida yoyote ya mapato. Lau wasingelinganishwa na wenzao waliokosa, mradi ungesifiwa, maana mapato ya vijana wale yalikuwa yakipanda kila mwaka. Yalipanda kwa sababu ya umri, wala si kwa sababu ya mafunzo.

Tangu hapo vipimo vya namna hiyo vimefanywa katika nchi nyingi. Mwaka 2017 mtaalamu wa Benki ya Dunia, David McKenzie, alikusanya matokeo ya vipimo vya mafunzo ya ufundi katika nchi zinazoendelea, akaona kwamba kwa wastani, katika kila watu 100 waliofundishwa, ni kama wawili tu waliopata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo. Uchunguzi mwingine uliotazama miradi 113 ya ajira za vijana duniani ulikuta kwamba kiasi cha theluthi moja tu ndiyo iliyoonyesha manufaa ya wazi.

Je, tukate tamaa? Hasha. Wastani huficha mengi. Ikiwa theluthi moja imefaulu, wajibu wetu ni kujifunza theluthi hiyo ilifanya nini.

Darasani au karakanani?

Jirani zetu wa Uganda wametupatia somo kubwa. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, vijana maskini wapatao 1,700 walifuatwa pamoja na karakana na biashara ndogo 1,500 kwa muda wa miaka minne. Kwa kura, baadhi yao walipelekwa vyuo vya ufundi kwa miezi sita kusomea fani kama vile uchomeleaji, ufundi magari, umeme wa majumbani, ufundi bomba, ushonaji na upishi. Wengine waliwekwa kwa mafundi kwa miezi sita hiyohiyo, na mwenye karakana akalipwa fedha kila mwezi, sehemu kubwa ikiwa ni posho ya mwanafunzi. Wa tatu hawakupewa kitu.

Matokeo yake yalikuwaje? Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalipata ujuzi unaokaribiana, na yote yaliwapita wasiofundishwa katika kupata kazi. Waliowekwa karakanani walianza kupata fedha upesi, maana walikuwa tayari kazini. Lakini faida yao ilififia kadiri miaka ilivyopita. Waliokwenda chuoni walichelewa mwanzoni, kisha wakapanda polepole, mwishowe wakawapita wenzao, na faida yao ikadumu.

Sababu yake ni nini, ilhali ujuzi ni ule ule? Jibu ni cheti. Kijana aliyefundishwa na fundi wa mtaani anajulikana kwa fundi huyo peke yake. Akiachishwa kazi, au fundi akifunga karakana, kijana hana cha kumwonyesha mwajiri wa mtaa wa pili. Anaanza upya kama mtu asiyejua kitu. Lakini mwenye cheti cha chuo kinachotambulika, akipoteza kazi leo, kesho anabisha hodi kwingine na kusikilizwa. Kwa hiyo cheti humsaidia kijana mara ya pili na ya tatu zaidi hata kuliko mara ya kwanza.

Hapa pana fundisho kwa Tanzania yetu. Maelfu ya vijana wetu wamejifunza gereji, kwenye majengo na kwenye vyerehani, wala hawana karatasi hata moja. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini na kumrasimishia ujuzi wake kwa cheti. Wangapi miongoni mwetu wameusikia? Kijana ambaye tayari anajua kazi huenda hahitaji miezi sita mingine ya kufundishwa. Huenda anahitaji kupimwa tu.

Afrika ya Kusini nayo inathibitisha jambo hilo. Karibu vijana 7,000 wa Johannesburg na vitongoji vyake walipimwa stadi zao, kama vile hesabu na mawasiliano. Waliopewa cheti chenye jina lao kinachoonyesha matokeo, ili wawaonyeshe waajiri, waliajiriwa zaidi: badala ya watu 31 katika kila 100, walikuwa kama 36, na mapato yakazidi kwa asilimia 34. Hawakufundishwa chochote kipya. Walichopewa ni ushahidi wa kile walichonacho. Katika uchunguzi mwingine wa huko huko, ombi la kazi lililoambatanishwa na barua ya mwajiri wa zamani lilijibiwa zaidi kwa asilimia 60. Huko Addis Ababa, semina ya kuwaelekeza vijana namna ya kuomba kazi na kuhojiwa, pamoja na vyeti vya stadi zao, iliwaongezea mapato kwa kiasi cha asilimia 20 miaka minne baadaye. Wenzao waliopewa nauli ya kutafutia kazi hawakuonekana na faida ya kudumu namna hiyo.

Mtaji na subira

Wako watakaosema kwamba ajira hazipo, basi kijana apewe mtaji ajiajiri. Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2008 serikali ya Uganda ilitoa fedha kwa makundi ya vijana wa kaskazini, nchi iliyokuwa imeumizwa na vita. Kila kundi liliandika mpango wake wa kujifunza ufundi na kununua zana. Makundi 535 yalipigiwa kura, na waliobahatika walipata wastani wa dola 382 kwa kila mtu, bila ya kusimamiwa kwa karibu. Wengi walidhani fedha zitaliwa. Hazikuliwa. Baada ya miaka minne mapato ya vijana wale yalikuwa yamezidi ya wenzao kwa asilimia 38.

Lakini wachunguzi walirudi tena baada ya miaka tisa, na hapo wakakuta kwamba wenzao waliokosa nao wamefikia mapato yaleyale kwa jasho lao. Kilichobaki kwa waliopewa ni mali na zana nyingi zaidi, na ufundi. Tunaelewa nini? Mtaji ulimfikisha kijana mapema mahali ambapo angefika kwa kuchelewa. Miaka ile ya kuwahi si midogo, maana ndani yake watu huoa, huzaa na kujenga. Ila anayemwahidi kijana kwamba ruzuku moja itamtajirisha maisha yake yote, anamdanganya.

Kazi njema ni ipi?

Si kila ajira ni neema. Ethiopia walijaribu kuwapa vijana, wengi wao wakiwa wanawake, nafasi za kazi viwandani kwa kura. Mmoja katika kila watatu aliacha katika mwezi wa kwanza, na kabla ya mwaka kwisha kiasi cha watatu katika kila wanne walikuwa wameondoka. Ujira haukuzidi ule wa vibarua vya mitaani, na afya za baadhi yao ziliharibika kwa mazingira ya kazi. Kundi jingine lilipewa dola 300 na mafunzo ya biashara ya siku tano, na mapato yao yakapanda kwa asilimia 33 katika mwaka wa kwanza, ingawa baada ya miaka mitano tofauti hizo zilikuwa zimetoweka.

Kwa hiyo tusiridhike na idadi ya "walioajiriwa". Tuulize: analipwa nini, na analipwa kwa wakati? Afya yake i salama? Yuko palepale baada ya mwaka? Je, ana nafasi ya kupanda, na ya kutimiza faradhi za dini yake na haki za wazazi wake?

Watoto wetu wa kike

Liberia, baada ya vita, wasichana wapatao 2,500 wa Monrovia na jirani yake walipewa mafunzo ya miezi sita, yakifuatiwa na miezi sita ya kusaidiwa kupata kazi au kuanzisha biashara. Ajira zao zilipanda kwa asilimia 47 na mapato kwa asilimia 80. Hawa ni miongoni mwa waliofanikiwa kupita wengine wote. Ukitazama undani wake utakuta mambo madogo yaliyofikiriwa vyema: palikuwa na mahali pa kulelea watoto wao wachanga wakati wa masomo, na ratiba ilipangwa ili waweze kuhudhuria.

Uganda pia vilianzishwa vilabu vya wasichana vya kuwapa stadi za maisha na za kazi pamoja, na baada ya miaka minne wasichana wenye shughuli za kipato walikuwa wameongezeka. Mfano huohuo ulipoletwa Tanzania haukuzaa matunda yaliyotarajiwa. Wachunguzi walieleza kwamba rasilimali hazikutosha: mahali pa kukutania, vifaa na mafunzo yenyewe vilikuwa duni kuliko vya Uganda. Hili ni onyo kwetu. Jina la mradi linaweza kusafiri likafika, ilhali nguvu zake zimebaki nyuma.

Tusinyang'anyane riziki

Jambo moja zaidi. Ufaransa ilifanya uchunguzi katika maeneo 235 mwaka 2007 na 2008. Vijana wasomi wasio na kazi walipewa watu wa kuwasaidia kutafuta. Waliosaidiwa walipata kazi mapema kuliko wenzao. Lakini katika maeneo ambako wengi walisaidiwa, wale wasiosaidiwa walizidi kukosa. Yaani sehemu ya faida ilitoka mfukoni mwa jirani: foleni ni ile ile, mmoja amesogezwa mbele na mwingine akarudi nyuma.

Kwa sababu hiyo, tukifundisha mafundi cherehani 40 katika mtaa wenye wateja wa mafundi kumi, tunawagombanisha tu. Miradi inayofaulu huanza kwa mwajiri na mnunuzi: ni ujuzi gani unaokosekana? Marekani, ambako vijana walishindwa katika mradi ule wa kwanza, uko mradi ulioanzishwa kwa jina la Year Up huko Boston mwaka 2000. Kijana husoma nusu mwaka, kisha hufanya kazi ya mafunzo katika kampuni nusu mwaka, na zaidi ya nusu ya gharama hubebwa na kampuni hizo. Vipimo vya kura vimeonyesha mapato kuzidi kwa dola zipatazo 7,000 hadi 8,000 kwa mwaka, na faida ikaendelea hata mwaka wa saba. Gharama yake wakati wa vipimo hivyo ilikuwa kubwa, kama dola 28,000 kwa kijana mmoja, wala hatuwezi kuiga kiasi hicho. Lakini kanuni yake twaweza kuiga: mwajiri awepo tangu siku ya kwanza.

Wajibu wetu

Basi ndugu zetu, kabla ya kutoa shilingi au kumpeleka mtoto, tuulize maswali haya:

1. Nani anahitaji ujuzi huu, na je, amekubali kuwapokea vijana kwa mafunzo ya vitendo?

2. Cheti kinachotolewa kinatambulika nje ya mlango wa chuo hicho?

3. Kijana atakula nini na atafikaje wakati wa masomo, na mwenye mtoto mchanga atamwacha wapi?

4. Akimaliza, zana za kuanzia zitatoka wapi?

5. Waliomaliza mwaka juzi wako wapi leo, na wenzao ambao hawakusoma wako wapi?

Atakayeshindwa kujibu swali la tano, tusimpe fedha zetu mpaka akaulize.

Na sisi wenyewe tunayo nafasi yetu. Msikitini mwetu wamo mafundi, wenye maduka, wauguzi, madereva na waalimu. Kila mmoja anaweza kumpokea kijana mmoja. Na kijana akitumika vyema, tumwandikie barua ya kweli inayosema amefanya nini na kwa uaminifu gani, maana tumeona barua hiyo ina uzito kuliko tulivyodhani. Lakini iwe ya kweli. Barua ya uongo kwa mtoto wa ndugu ni kuwafungia mlango watoto wa wenzetu watakaokuja baada yake, kwani mwajiri akidanganywa mara moja hatatuamini tena.

Pia tuwe na daftari. Tuandike majina ya vijana tuliowasaidia, na ya wale walioomba tukakosa uwezo. Tuwaulize wote hali zao baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na baada ya miaka miwili. Kalamu na daftari havina gharama kubwa. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji wanaostahiki, tupige kura hadharani. Kura huondoa manung'uniko ya upendeleo, na papo hapo hutupatia kipimo cha haki.

Ninyi vijana, msione aibu kuuliza maswali haya kwa anayewaita kwenye mafunzo. Miezi sita ya ujana wenu ni mali, nayo ikipotea hairudi. Wala msidharau kazi ya mikono: aliyepewa shoka alirudi na dirham kumi.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, na atuwezeshe sisi kuitunza amana tuliyopewa juu yao. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuhu.